Kutikisa Pekee Hakutoshi

Leo siongelei siasa wala mapenzi. Naongelea unga mweusi unaochukia maji, na mti wa miiba wa kaskazini mwa Kenya unaoweza kuupatanisha na maji. Najua inasikika kama somo la kemia la saa nane mchana baada ya githeri, lakini kaa hapa kidogo. Hii stori ina doo ndani yake, ina kazi zetu sisi vijana, na ina swali moja tunalolikwepa sana: kitu ulichounda leo kitakuwa bado kiko sawa mwezi ujao?

Huo unga unaitwa nanotyubu za kaboni. Chukua kipande cha waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, ukikunje kiwe bomba. Sasa fikiria kila kona ya waya ni atomu moja ya kaboni, na bomba lenyewe lina upana wa nanomita 1 hivi. Unywele wako mmoja una kama nanomita 80,000. Ndiyo hiyo sasa. Mjapani anayeitwa Sumio Iijima alizipatia umaarufu mwaka 1991 akifanya kazi kwa maabara ya NEC. Lakini Wasovieti wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za mabomba ya kaboni mwaka 1952. Waliandika kwa Kirusi, wachache wakasoma, dunia ikaendelea kulala. Hiyo pia ni stori ya siku nyingine.

Hizi nanotyubu ni kali. Ukilinganisha uzito kwa uzito, zinaacha chuma mbali sana kwa nguvu. Nyingine hupitisha umeme vizuri ajabu. Watu wanaziweka kwa betri, kwa plastiki, na kwa wino unaopitisha umeme. Mimi niko mwaka wa nne, nasoma kemia hapa Nairobi, na mradi wetu wa kumaliza shule ni huo wino: unachora mstari kwa karatasi, unaunganisha betri na taa ndogo, taa inawaka. Tuko watu wanne. Unga wetu wote ulikuja kwa kichupa kidogo kuliko kopo la mafuta ya midomo, na ukishaisha, umeisha.

Sasa shida iko wapi? Mimina huo unga kwa maji. Unaelea juu kidogo, kisha unashuka chini ukiwa madonge. Tikisa. Maji yanakuwa meusi, unafurahi, unapiga picha. Ukirudi baada ya chai, madonge yako chini tena, na juu kuna maji safi yanakuangalia.

Kwa nini? Kuna mambo mawili. La kwanza, molekuli za maji zinapendana zenyewe. Zinashikana mikono, na ukuta wa nanotyubu hauna mkono wa kuzishika. Kwa hiyo maji yanasukuma nanotyubu pamoja, kama vile yanavyosukuma matone ya mafuta yakutane juu ya supu. La pili, nanotyubu zenyewe zinavutana. Mvuto kati ya atomu moja na nyingine ni mdogo sana, karibu hakuna. Lakini hizi ni kamba ndefu, na zikilala ubavu kwa ubavu, mvuto mdogo wa atomu nyingi unajumlishwa. Kwa urefu wa maikromita moja tu, jumla inapita kwa maelfu ya mara nguvu ya msukosuko wa kawaida wa joto la chumba. Kwa lugha rahisi: zikishashikana, hazitaachana zenyewe hata ungoje mpaka mtoto wako aingie chuo.

Ni kama mbogi ya watu kumi wa mtaa mmoja walioingia kwa sherehe ya watu wasiowajua. Wanasimama kona moja. Ukiwasukuma katikati ya ukumbi wanatawanyika kwa wimbo mmoja, kisha unawapata kona ile ile. Ukitaka wabaki wametawanyika, kila mmoja lazima apate mtu mwingine wa kuongea naye.

Hapo ndipo kuna sehemu mbili za kazi, na watu wengi wanaona moja tu.

Sehemu ya kwanza ni kuachanisha. Hapa tunatumia mashine ya mawimbi ya sauti. Inatetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, juu ya kile sikio lako linasikia. Ndani ya maji vinatokea viputo vidogo sana, vinapasuka kwa kishindo, na mahali kinapopasuka kiputo joto linapanda maelfu ya digrii kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hiyo nguvu inafungua ncha za vifurushi vya nanotyubu. Ndiyo maana chupa inakaa kwa barafu, la sivyo maji yote yanachemka. Na ukiacha mashine ipige masaa na masaa, inakatakata nanotyubu zenyewe zinakuwa fupi, na nanotyubu fupi hazifai kwa wino kama ndefu. Kwa hiyo “piga zaidi” sio jibu la kila kitu.

Sehemu ya pili ni kuhakikisha hazirudiani. Ncha ikifunguka, lazima kitu kiingie kwa hiyo nafasi haraka, kivae ukuta wa nanotyubu, na kisogee mbele kadiri ufa unavyoendelea, mpaka moja itoke kabisa kama zipu inavyofunguka. Hicho kitu ndicho kinaamua kama utakuwa na wino ama tope.

Na nguo inayohitajika si kidogo. Gramu moja ya nanotyubu za ukuta mmoja, zikiachana zote, ina eneo la nje la kama mita za mraba 1,300. Hiyo ni zaidi ya viwanja vitatu vya basketboli ndani ya kijiko. Sasa nenda uvalishe viwanja vitatu.

Njia inayojulikana sana ni sabuni. Sio ile ya mche, bali dawa yenye tabia za sabuni, kama sodiamu dodesili salfeti, ambayo pia iko kwa shampoo nyingi na dawa nyingi za meno. Ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Mkia unashika nanotyubu, kichwa kinaangalia nje. Kichwa kina chaji hasi, kwa hiyo nanotyubu mbili zilizovaa hivyo zikikaribiana zinafukuzana. Poa sana. Lakini kuna masharti. Ikiwa kidogo, haifuniki. Ikizidi sana, zile za ziada zinajikusanya vikundi vikundi majini, na vikundi hivyo vinaanza kusukuma nanotyubu zirudiane. Vikundi vinaanza kuonekana ukifika kama gramu 2.3 kwa lita. Yaani hata dawa ya kuachanisha ikizidi inaunganisha.

Njia nyingine ni asidi. Unachemsha nanotyubu kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki, ukuta unapata majeraha, na kwa kila jeraha kunakaa kikundi cha atomu kinachopenda maji. Zinatawanyika vizuri, hasa maji yasipokuwa na uchachu. Lakini umeziumiza. Umeme unapita vibaya kwa bomba lenye mashimo. Binafsi sioni maana ya kuagiza kitu kikali kutoka ng'ambo halafu kukipunguza makali ndiyo kikubali kuogelea.

Njia ya tatu ndiyo ilinishika moyo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walichapisha kwa jarida la Nano Letters kwamba nanotyubu zinaweza kukaa majini moja moja zikivalishwa gamu arabiki. Ulisoma vizuri. Gamu arabiki, gundi ya mti wa mgunga, Acacia senegal. Hii ni ile gundi inayoandikwa E414 kwa vifungashio, inayotumika kwa soda ili mafuta ya ladha yasielee juu, na kwa peremende. Hii ni gundi ambayo Wamisri wa kale walichanganya na masizi wakapata wino wa kuandikia. Masizi ni kaboni. Nanotyubu ni kaboni. Wazo ni lile lile, na lina miaka elfu kadhaa.

Gundi haifanyi kazi kama sabuni. Ni molekuli kubwa yenye matawi mengi ya sukari, na ndani yake kuna protini kidogo, kama asilimia 2. Inajizungusha kwa nanotyubu na kuacha matawi yake yaning'inie majini. Nanotyubu mbili zikitaka kukaribiana, matawi yanagusana kwanza na kuziwekea umbali. Haitegemei chaji peke yake. Hiyo ni muhimu, na nitakuonyesha kwa nini.

Mgunga huo unaota hapa Kenya: Turkana, Samburu, Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera. Mjomba wangu yuko Isiolo na hununua gundi kutoka kwa akina mama na vijana wa wafugaji wanaoiokota msimu wa kiangazi, wakati maziwa yamepungua na hakuna kingine cha kuuza. Maabara ilikuwa na chupa ya gundi safi kutoka Ulaya. Mimi nikampigia mjomba.

“Mjomba, shikamoo. Naomba gundi kilo moja, ile safi kabisa.”

“Marahaba, mpwa wangu. Sasa umeanza kufungua kiwanda cha peremende?”

“Hapana, mjomba. Ni ya shule. Tunatengeneza wino.”

“Haya. Nitakuchagulia zile punje kubwa nyeupe. Lakini ukijua kitu kuhusu hii gundi ambacho mimi sikijui, urudi uniambie. Usiishie kuandika huko.”

Kilo ikafika kwa basi la usiku, imefungwa kwa karatasi ya sukari. Tukaiyeyusha, tukaichuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kuchujia. Tukaandaa chupa nne: moja maji matupu, moja sabuni, moja gundi ya Ulaya, moja gundi ya Isiolo. Zote tulizipitisha kwa mashine ile ile, muda ule ule, kwa barafu. Kisha kwa sentrifyuji, ambayo inazungusha kwa kasi mpaka madonge makubwa yashuke, tunachota maji ya juu. Halafu tukaziweka kwa rafu karibu na dirisha, siku 30, mwezi wa Julai. Hakuna kutikisa.

Chupa ya maji matupu iliisha kazi kabla ya lunchi.

Ya sabuni ilikaa nyeusi safi siku kadhaa, kisha asubuhi moja ya baridi tukaikuta na vipande vyeupe chini kama nazi iliyokunwa. Ni ile sabuni yenyewe. Hiyo dawa haipendi baridi, inaganda na kutoka kwa maji, na nyote mnajua Nairobi ya Julai asubuhi. Jua likipanda inayeyuka tena, lakini kila ikitoka, kuna nanotyubu zinazobaki bila nguo, na hizo zinatafutana. Mwisho wa mwezi kulikuwa na punje nyeusi chini.

Chupa mbili za gundi, siku ya 30, zilikuwa bado nyeusi tii. Ukiweka tochi nyuma hauoni kitu. Kulikuwa na mashapo kidogo sana, na kati ya Ulaya na Isiolo, jicho halikuona tofauti.

Tukajaribu na maji ya kisima cha kuchimbwa cha mtaani, yale maji magumu yanayokataa kutoa povu. Matone machache kwa sabuni, na wino ukaanza kuganda mbele yetu. Kalsiamu ya hayo maji inashika vichwa vya sabuni na kuzima chaji iliyokuwa inazifukuza nanotyubu. Gundi ilivumilia. Matawi hayazimwi na chumvi kirahisi hivyo.

Sasa usiondoke ukidhani nakuuzia muujiza, maana mtandao umejaa watu wa miujiza. Gundi ina mambo yake. Kwanza, ni chakula. Wiki chache baadaye chupa moja ilianza kunuka na kuota ukungu, kwa sababu vijidudu pia wanapenda sukari. Lazima uweke kitu cha kuzuia. Pili, gundi haipitishi umeme. Mstari uliochorwa kwa wino wa gundi ulipitisha umeme vibaya kuliko ule wa sabuni, ambao unaweza kuusuuza baada ya kukauka. Ni kama nyaya ambazo hukuzichuna ganda kabla ya kuziunganisha. Na tatu, mjomba alipotuma mfuko wa pili, haukuwa sawa na wa kwanza. Ulikuwa mzito zaidi kwa maji na rangi yake ilikuwa imekolea. Mti na mti ni tofauti, udongo na udongo ni tofauti.

Na hapo kwa mfuko wa pili ndipo maoni yangu ya leo yanakaa.

Chupa ya Ulaya haikushinda gundi ya Isiolo kwa ubora. Ilishinda kwa sababu chupa ijayo itafanana na hii. Kuna mtu alipima unyevu, akapima majivu, akapima nitrojeni ndiyo ajue protini, akaangalia gundi inavyogeuza mwanga. Hiyo ya mwanga ni tamu: gundi ya Acacia senegal inageuza mwanga uliochujwa kuelekea kushoto, ya Acacia seyal inageuza kulia, kwa hiyo mtu akichanganya unamshika. Mjomba anachagua kwa macho na vidole, na ako fiti, amefanya miaka mingi. Lakini mnunuzi akija anamwaga zote kwa gunia moja na kulipa bei moja. Anasema hakuna karatasi ya kuonyesha tofauti. Na kweli hakuna.

Wakati huo dunia inaihitaji. Sudan ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote, na vita vilianza pale Aprili 2023. Hii ni bidhaa ambayo Marekani, ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, iliiachia mlango wazi, kwa sababu viwanda vya soda na peremende havikuwa na mbadala. Wanunuzi wanaangalia nchi nyingine sai. Sifurahii vita ya mtu, na jirani akiungua nyumba si wakati wa kuhesabu faida. Nasema tu kwamba miti iko, watu wa kuokota wako, na watafiti wetu wa misitu, KEFRI, wamekuwa wakiichunguza hii gundi kwa miaka. Kinachokosekana ni hatua ya katikati ya mti na gunia.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, “Buda, unataka kuwaokoa wafugaji na nanotyubu?” Hapana. Sisi tulitumia vijiko. Soda ndiyo inabeba magunia. Ninachosema ni kwamba kupima ni kule kule. Mtu anayejua kuandaa gundi ambayo nanotyubu inakaa nayo siku 30 anaweza kuandaa gundi ya kiwanda chochote. Na tuna wahitimu wa kemia wamejaa mitaani wakiuza laini za simu.

Kingine, kwa wale wanapenda kuonyesha majaribio kwa video. Hii unga usiicheze ikiwa kavu. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka aina moja ya nanotyubu zenye kuta nyingi, MWCNT-7, kwa kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Ikiwa majini hairuki hewani, hiyo ni faida. Lakini usimwage kwa sinki. Fikiria vizuri: madonge yangezama karibu. Ukizivalisha zikakaa siku 30 bila kuzama, umezipatia nauli ya kusafiri mbali sana na mto. Sisi zetu zote ziko kwa jeri la taka za maabara, limeandikwa.

Mimi nimeacha kushangilia siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila kitu ni cheusi na kizuri: programu mpya, kikundi cha vijana, mradi wa kaunti uliokatwa utepe. Mtu akinionyesha kitu amekitawanya leo, nauliza kimevaa nini, na nani ataangalia rafu siku ya 30. Watu wanaona ni swali la mtu mwenye roho mbaya. Naona ni heshima. Unamuuliza mtu swali gumu kwa sababu unaamini kazi yake inaweza kudumu.

Ripoti yetu tumepeleka, na jedwali la siku 30 liko ndani, pamoja na ukungu. Deni lililobaki ni la mjomba. Anataka ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wa jinsi ya kupima unyevu: pima gundi kwa mizani ndogo, iweke kwa oveni ya digrii 105 masaa matano, pima tena, hesabu kilichopotea. Kikizidi asilimia 15, punje hazijafikia kiwango cha kimataifa, ziendelee kukauka kabla ya kuuzwa. Naandika wikendi hii na kumtumia kwa simu. Mizani anasema atanunua mwenyewe.